Uliza Shangazi: "Madamu hafundishi, anatuachia tujifundishe wenyewe"

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mkufunzi kwenye chuo kimoja hapa Moshi, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Nafundisha takwimu, stashahada mwaka wa kwanza: wanafunzi 160, ukumbi mmoja, viti vimefungwa nati sakafuni. Nakuandikia saa tano usiku na karatasi za jaribio ziko mezani, nimesahihisha mpaka nimechoka roho.

Miaka miwili ya mwanzo nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nawasha projekta, nasoma slaidi, wao wanazipiga picha kwa simu. Nikiuliza "tuko pamoja?" wanaitika "tuko pamoja madamu" kama kwaya. Halafu kwenye mtihani nakutana na mtu aliyeandika fomula bila kukosea hata herufi, na chini yake jibu: wastani wa umri wa wanakijiji ni miaka 214. Kapiga mistari miwili kwa rula, kaendelea na swali la pili.

Likizo iliyopita nilipelekwa Arusha kwenye mafunzo ya wiki moja ya ufundishaji shirikishi. Nilirudi na moto. Muhula huu slaidi sikuzigusa. Niliwagawa makundi ya watu kumi kumi, wajadili kwa Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Nikawa nawatumia video za YouTube wazitazame usiku hosteli, ili darasani tuje kujadili tu. Wiki ya tano nikawapeleka soko la Mbuyuni wakusanye bei za maharage, nikitegemea data hizo zitubebe muhula mzima.

Sokoni kulikuwa na vurugu kidogo. Kijana mmoja mkimya, wa viti vya nyuma, alinifuata akaniuliza: "Madamu, yule mama anauza sado elfu kumi na mbili lakini anajaza mpaka inamwagika. Huyu ni elfu kumi na moja ila anakata kwa kiganja. Tuandike ipi?" Wenzake wakamcheka, mmoja akamwambia andika tu unatuchelewesha. Muda ulikuwa umeisha na magari yanasubiri, nikamwambia achague yoyote.

Wiki iliyofuata kiongozi wa darasa akapeleka barua kwa mkuu wa idara, ina sahihi 74. "Madamu hafundishi, anatuachia tujifundishe wenyewe. Tunaomba notisi." Mkuu akaniita. Akasema silabasi ina mada kumi na mbili na mimi niko ya nne, na wazazi wamelipa ada ili watoto wafundishwe, siyo wapelekwe sokoni. Mwenzangu wa meza ya jirani ananicheka waziwazi: "Wape desa wakariri, wafaulu, waondoke. Unajichosha bure." Na jaribio la kwanza limenimaliza kabisa, kwa sababu wastani ni 46, wakati mwaka jana kwa slaidi zangu ulikuwa 51.

Mwisho wa muhula wanafunzi watajaza fomu za kunitathmini, na mkataba wangu unaisha mwaka huu. Nirudi kwenye slaidi?

Mkufunzi, Moshi

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona malalamiko. Mara ya pili nilikwama hapo sokoni, kwa yule kijana wa sado, na nikiri kwamba nilikukasirikia kidogo. Katika yote uliyonieleza, mafunzo, makundi, video, barua ya sahihi 74, tukio la takwimu hasa lilikuwa moja tu, nalo ni swali lake. Wewe ukalimaliza kwa "chagua yoyote".

Hebu lirudie taratibu. Sado ni kopo. Kopo lililojazwa kichuguu si sawa na kopo lililokatwa kwa kiganja. Maana yake darasa zima lilikuwa linaandika bei za vitu viwili tofauti kwenye safu moja ya daftari, na aliyeshtuka ni mmoja. Ungezichukua namba hizo ukatafuta wastani wake ungepata jibu safi lenye desimali mbili, na jibu hilo lingekuwa ndugu wa damu wa wale wanakijiji wa miaka 214. Ni ugonjwa uleule: mtu anahesabu bila kujiuliza anahesabu nini. Umehangaika muhula mzima kutafuta dawa yake, dawa ikaja kwa miguu yake ikakushika mkono katikati ya magunia, ukaitazama saa.

Nikukumbushe kisa ambacho mwisho wake uko karibu na mlango wako. Mwaka 1963, pale Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa na wenzake wanatengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa uchemshe maziwa, uyaache yapoe, ndipo uweke kwenye friza. Friza ilikuwa inajaa, watu wanagombea nafasi, Mpemba akayaingiza yakiwa bado ya moto. Kuna mwenzake aliyeweka ya kwake bila kuchemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akalibeba swali lake mpaka Mkwawa, Iringa, na huko mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia. Ikawa utani wa darasa, akikosea hesabu wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Siku moja akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akanyoosha mkono, akauliza lilelile. Ukumbi ukacheka. Osborne naye moyoni aliona kijana kakosea, lakini alimwahidi kwamba akirudi Dar atajaribu. Akajaribu kweli. Mwaka 1969 wakaandika pamoja makala kwenye jarida la fizikia la Uingereza, na wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa wanyamapori hapo Mweka, ndiyo, hapo juu yako unapopanda kwenda mlimani. Wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo mpaka leo, wengine wanasema lipo, wengine wanasema vipimo vinadanganya, lakini jina linalotajwa duniani kote ni lake.

Osborne hakuwa na projekta wala makundi ya watu kumi. Alichofanya ni kusema "nitajaribu", na akajaribu. Huo ndio ubunifu ninaoujua mimi.

Sasa hao 74. Usiwafanye waongo wala wavivu, wanasema wanachohisi. Mwaka 2019 ilichapishwa tafiti ya Chuo Kikuu cha Harvard ambayo ningependa uibandike juu ya meza yako. Wanafunzi wa fizikia waligawanywa: hawa wanasikiliza mhadhiri hodari, wale wanahangaika na maswali wenyewe huku mwalimu akiwasaidia, mada ileile, vitini vilevile. Baadaye wakapimwa na wakaulizwa wanahisi wamejifunza kiasi gani. Waliohangaika walipata alama za juu zaidi, na haohao ndio waliosema wamejifunza kidogo. Waliosikiliza walitoka wameridhika. Ukimtazama mama anayejua kusonga ugali unaona kitu rahisi kabisa, mpaka ushike mwiko. Watafiti wale walishauri mwalimu awaambie wanafunzi jambo hili mapema muhula unapoanza, kwamba mtahisi mnapotea na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wewe hukuwaambia. Uliingia Jumatatu na mtindo mpya kama mtu aliyehamisha samani za nyumba usiku, asubuhi wenye nyumba wanajikwaa.

Tena hapohapo Harvard kuna mwalimu wa fizikia, Eric Mazur, ambaye wanafunzi walikuwa wakimpa alama nzuri sana kwenye fomu za tathmini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawapa maswali mepesi kuhusu nguvu na mwendo, hayana fomula, yameandikwa kwa maneno ya kawaida tu. Wakaanguka. Mmoja akamuuliza ayajibu vipi, kwa jinsi alivyofundishwa au kwa jinsi anavyofikiri mwenyewe? Fikiria swali kama hilo linaulizwa darasani kwako na mtu aliyekupa tano kwa tano.

Nimekutetea, sasa nikuseme. Ulileta wastani wa 46 na 51 ukaniambia umekumaliza. Wewe si mwalimu wa takwimu? Jaribio moja, watu tofauti, maswali tofauti, mwaka tofauti. Mwanafunzi wako angeniletea hitimisho hilo ningemchora mstari mwekundu. Kinachonitia shaka zaidi ni jaribio lenyewe. Hukunieleza uliuliza nini, ila naweza kubahatisha: ulitoa jaribio la mwaka jana ukabadilisha namba. Kama nimekosea nisamehe. Kama sijakosea, basi uliwafundisha sokoni ukawapima kwenye slaidi, na wao si wajinga, wanajua kinachowapeleka mwaka wa pili ni kipi. Mwanafunzi wa chuo haamini unachosema darasani, anaamini kilichokuja kwenye mtihani. Ndiyo maana wanaomba notisi. Nilifundisha miaka 27 na nilichelewa sana kuliona hili. Nilikuwa nikihubiri "fikirini" kuanzia wiki ya kwanza, kisha wiki ya kumi na tano nawauliza "taja sifa nne za…".

Kwa hiyo usianze na darasa, anza na swali. Jaribio la pili lipo mikononi mwako. Nusu ya alama iache kwenye kukokotoa, wasije wakasema umewaonea, na nusu iwe ya aina hii: hapa kuna bei kumi za maharage, mbili kati yake zimeandikwa na mtu aliyepima kwa kopo tofauti, utazigunduaje na utazifanyaje? Wape mfano wa swali hilo wiki mbili kabla. Utaona watakavyoanza kusikiliza.

Makundi ya kumi yavunje kesho. Kwenye viti vilivyofungwa nati, kundi la kumi ni watu wawili wanaofanya kazi, mmoja anayeandika majina, na saba walioko Instagram. Jirani na jirani inatosha. Na kama unataka njia ya kuliendesha darasa la 160 bila kuchanganyikiwa, chukua aliyoibuni huyo Mazur baada ya kuaibika, haihitaji hata umeme. Unatupa swali moja lenye majibu manne. Kwa mfano: duka lina vibarua tisa, kila mmoja analipwa 300,000 kwa mwezi, na meneja analipwa 3,300,000. Wastani ni 600,000, mshahara ambao hakuna mtu hata mmoja anayeupata, na hapo wape dakika wacheke. Sasa mwenye duka anamwongezea meneja milioni moja. Ukiwapanga wote kumi kuanzia wa chini hadi wa juu, mshahara wa katikati utafanyaje? Kidole kimoja, utapanda 100,000. Viwili, utapanda lakini kidogo. Vitatu, hautabadilika. Vinne, haiwezekani kujua.

Kila mtu anafikiri peke yake, kimya, dakika moja na nusu. Halafu wote kwa pamoja wanaonyesha vidole, na vidole viwekwe kifuani, siyo juu, ili mtu asichungulie wa jirani. Wewe unatazama tu. Wakiwa wamepata karibu wote, songa mbele, usipoteze muda. Wakipata chini ya theluthi, kuna kitu hukukieleza, rudi ubaoni. Wakiwa katikati, ndipo utamu ulipo: kila mmoja amtafute jirani aliyeonyesha kidole tofauti, amshawishi, dakika tatu, kisha vidole tena. Utasikia kelele ambazo hujawahi kuzisikia kwenye ukumbi huo. Wengi waliosema kidole kimoja watakuwa wamechanganya wastani na namba ya katikati, na atakayewatoa humo ni jirani aliyeelewa jana, kwa sababu yeye bado anakumbuka alipokwama. Wewe umeshasahau. Mimi ndiyo kabisa.

Na hizo dakika tatu waache waongee Kiswahili. Hapa nitakuwa mkali. Umewaambia wajadili kwa Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza, nia yako naielewa, lakini umetengeneza darasa ambalo anayezungumza ni yule aliyesoma shule ya ada kubwa, na mtoto wa shule ya kata anakaa kimya akiwa na swali la sado kichwani. Kijana wako alikuuliza kwa lugha gani pale Mbuyuni? Ulivyoniandikia, kwa Kiswahili, tena mbele ya magunia, mahali ambapo hakuna anayemhesabia makosa ya sarufi. Wabishane kwa lugha wanayobishania, hata kwa Kichaga kama wote wawili wametoka Rombo, kisha waandike sentensi mbili za hitimisho kwa Kiingereza. Hapo lugha ya mtihani wataipata, tena wakiwa na jambo la kusema.

Video za YouTube achana nazo. Bando la mwanafunzi ni chakula chake cha jioni. Wape kitini cha kurasa mbili siku tatu kabla, na slaidi zako za zamani zitume kwenye kundi la WhatsApp kama faili la kawaida. Slaidi hazijakukosea kitu, ilikosea sauti yako ilipokuwa inazisoma. Na kuhutubia si dhambi. Mada ya uwezekano huwezi kuwaachia waibuni wenyewe. Dakika kumi na tano za maelezo mazuri, swali la vidole, dakika kumi na tano nyingine, swali. Kipindi kimeisha na mada imesogea. Ukienda kwa mwendo huo mada kumi na mbili utazimaliza, na usipozimaliza zote utabakiza moja ambayo mwaka jana nayo uliimaliza wewe peke yako.

Mkuu wa idara usishindane naye, hajakosea kuuliza silabasi, hiyo ni kazi yake. Mpelekee ratiba ya wiki zilizobaki imeandikwa, na umweleze kwamba mwaka 2014 watafiti walizikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni: penye muhadhara mtupu walifeli kama 34 katika kila mia, na penye wanafunzi wanaoshiriki kama 22. Wakuu wa idara wanapenda namba za kufeli kuliko maneno "ufundishaji shirikishi". Kisha mkaribishe akae nyuma ya ukumbi siku ya vidole. Usimwambie lolote, mwache aone. Kuhusu mkataba siwezi kukuahidi kitu, ila mkuu aliyekaa darasani kwako akaona hatakusoma kwenye fomu peke yake. Huyo wa meza ya jirani mwache na desa zake.

Fomu za tathmini usizisubiri mwisho wa muhula. Ijumaa hii wagawie vipande vya karatasi, waandike bila jina mambo mawili: kipi kimekusaidia, kipi kinakukwamisha. Jumatatu wasomee majibu, useme kipi utabadilisha na kipi hutabadilisha na kwa nini. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niligundua kwamba robo ya malalamiko yalihusu mwandiko wangu ubaoni.

Kabla ya Jumatatu mtafute yule kijana. Usimwite mbele za watu, atadhani kuna kesi. Mwambie ulimjibu vibaya na kwamba swali lake ndilo litakalofungua kipindi. Kisha nenda Mbuyuni mwenyewe, ununue sado moja kwa yule mama anayejaza na moja kwa huyu anayekata, azima mizani, vibebe mpaka darasani. Waulize ipi ni nafuu, vidole kifuani, kabla hujapima chochote. Kijana ndiye ashike mizani. Bei ya kila sado igawanywe kwa kilo zake, ubaoni, mbele ya wote, halafu waamue wenyewe data za wiki ya tano zifanyweje: zitupwe, zirekebishwe, au warudi sokoni na mizani.

Maharage yakibaki, kwangu unapajua kwa kuuliza, na nazi ninayo.

Shangazi